Gold Wing Mpya au Ile Iliyozoeleka?

Huko Marekani, mwenye pikipiki ya Honda Gold Wing ya miaka ya 1990 akiombwa ajaribu toleo jipya dukani, mara nyingi hushuka akitabasamu. Ana haki. Toleo la 2018 lilipungua uzito kwa zaidi ya kilo 30, na mfumo wake wa springi za mbele humeza mashimo kabla hayajatikisa mikono ya dereva. Baadhi ya pikipiki hizo zina gia 7 zinazojibadilisha zenyewe. Hizo hazina klachi ya kubana.

Lakini jaribio la dakika ishirini ni kama siku ya posa: kila upande umevaa vizuri. Masanduku ya toleo hilo ni madogo kuliko ya lililotangulia, na hilo liliwaudhi wasafiri wengi wanaokwenda wawili. Basi anayejaribu aende na abiria wake, na kofia zote mbili azitie sandukuni.

Ya zamani nayo isisifiwe kwa mapenzi tu. GL1500, iliyotoka 1988, ina silinda 6 na shafti badala ya mnyororo; hudumu kweli. Ila haina breki za ABS, na mkanda wake wa taimingi ukikatika, pistoni hugonga valvu. Bei ya mkanda ni ndogo mno ikilinganishwa na ya injini.

Msikilizaji, hata kama huna Gold Wing, soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Ikiwa limezeeka, libadilishe kabla ya safari.