Dawa ya Asubuhi, Mapepe ya Mavuno

Msikilizaji, Singida inasifika kwa alizeti na asali, na mkulima wa alizeti anamhitaji nyuki kama mrina asali anavyomhitaji. Kichwa kimoja cha alizeti kimebeba mamia ya vijiua, na kila kijiua kikichavushwa hutoa mbegu moja. Nyuki wakiadimika, kichwa hujaa mapepe, na mapepe hayatoi mafuta.

Sasa tazama tunavyopiga dawa. Mkulima anaona wadudu, anajitwika bomba mgongoni asubuhi, alizeti imechanua na nyuki wako kazini. Wengine wanafia shambani. Wengine wanarudi mzingani na chavua yenye sumu, wanawalisha majana.

Zipo pia dawa kama imidakloprid na thiamethoksam, ambazo hufyonzwa na mmea na kutokea kwenye chavua na mbochi. Mwaka 2012 watafiti nchini Ufaransa waliwabandika nyuki vifaa vidogo vya kuwafuatilia. Waliolishwa thiamethoksam, kwa kiasi kisichoua papo hapo, walishindwa kurudi mzingani kuliko wale ambao hawakulishwa. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku dawa hizo mashambani, ukaziruhusu ndani ya vitalu nyumba vya kudumu tu.

Simwambii mkulima awaachie viwavi shamba lake. Namwambia akague kwanza, apulize pale tu wadudu wanapotishia mavuno. Alizeti ikishachanua, bomba lipumzike. Ikibidi kabisa, apulize jioni nyuki wakisharudi, tena dawa isiyodumu kwenye mmea. Zile zinazofyonzwa, kupuliza jioni hakusaidii kitu. Na jirani mwenye mizinga apewe taarifa mapema, kwani nyuki huruka kilomita kadhaa kutafuta chakula na mpaka wa shamba hawaujui.

Nanyi wauzaji wa pembejeo, acheni kuisifu dawa kwamba inaua kila kitu. Katika hicho kila kitu, nyuki yumo. Msomeeni mkulima maelekezo ya kwenye chupa kabla hamjapokea fedha yake. Maafisa ugani, elimu hii ifike vijijini kabla alizeti haijachanua.

Mkulima, dawa umeinunua kwa fedha yako ili uokoe mavuno. Usiitumie kumuua anayekuchavushia bure.