Shokapu za Gari la Mradi
(Maelezo kwa wajumbe wa kamati za sharika, Buzuruga, Mwanza)

Ndugu wajumbe, ndugu wafadhili,

Mmetuuliza kwa nini gari letu la zamani limetumia fedha za shokapu mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Swali ni la haki, na kosa ni letu. Shokapu moja ya mbele ilipovuja mafuta tulibadilisha hiyo moja tu, tena kwa ya mtumba, ili kubana matumizi. Upande mmoja ukawa mgumu, mwingine ukabaki laini. Dereva akishika breki kwenye vumbi, gari lilivuta pembeni, na matairi mapya yakalika mabaka mabaka. Humo hupanda akina mama na watoto wa sharika zenu.

Sasa tumefunga mpya, kushoto na kulia kwa pamoja. Fundi ametufundisha kipimo: kandamiza pembe ya gari, achia, likiendelea kudunda, shokapu imechoka. Lisipodunda, bado kagueni uvujaji na bushi.

Wapo wanaotaka shokapu ngumu ili tubebe saruji zaidi. Hapana. Mzigo hubebwa na springi. Shokapu hutuliza mdundo tu. Na kwa magari madogo ambayo springi imevikwa juu ya shokapu, fundi asiifungue bila kifaa cha kuibana, kwani ikifyatuka yaweza kuua. Baada ya hapo magurudumu yapimwe alaimenti.

Risiti zote ziko mezani, pamoja na ile ya mtumba. Shokapu za nyuma bado. Tunaomba ziingie kwenye bajeti ya robo ijayo, zote mbili.