Gazeti la Mwaka 1963 na Hadithi Niliyoikataa

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati imeniomba niseme machache juu ya magazeti, kwa kuwa zamani nilikuwa mhariri wa gazeti la wanafunzi wa shule hii. Kamati ilidhani kwamba mtu aliyewahi kuwa mhariri haisahau kazi hiyo. Ni kweli sikuisahau, lakini kwa sababu ambayo kamati haikuijua. Nitaieleza kabla sijakaa. Kwanza nawaombeni twende pamoja Kampala, zaidi ya miaka 60 iliyopita.

Nilipokuwa mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwalimu wetu alitupa kazi. Kila mmoja achague gazeti la zamani, asome matoleo yake ya mwaka mmoja, kisha aandike mwaka ule ulikuwa mwaka wa namna gani. Wenzangu wepesi walikwisha kuyachukua magazeti ya michezo. Mimi nilichelewa, na mtunza maktaba akanitolea matoleo ya mwaka 1963 ya gazeti liitwalo Transition. Nilikaa nayo siku tatu. Siku ya kwanza nilisoma kwa sababu ya kazi ya darasani, na siku mbili zilizofuata nilisoma kwa sababu yangu mwenyewe.

Gazeti hilo lilianzishwa Kampala mwaka 1961 na Rajat Neogy, kijana wa asili ya Kihindi aliyezaliwa hapo hapo Kampala. Alikuwa na umri wa miaka 22 tu. Vijana, lishikeni hilo: miaka 22. Alichapa hadithi fupi, mashairi, uhakiki wa vitabu, insha za siasa, na barua za wasomaji. Katika miaka ile ya 60 waliandika humo watu kama Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo, na ndugu yetu wa Mombasa, Ali Mazrui. Kumbukeni mwaka 1963 ulikuwa mwaka gani. Tanganyika ilikuwa na uhuru wa miaka miwili, Uganda ilikuwa haijatimiza hata mwaka mmoja toleo la Septemba lilipotoka, na Kenya na Zanzibar zilikuwa zinangoja Desemba. Kila mtu alikuwa na jambo la kusema, na hapa palikuwa na mahali pa kulisemea.

Basi katika toleo la Septemba mwaka ule alitokea Mnijeria mmoja, Obi Wali, akaandika makala fupi. Makala yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza. Wali alisema kwamba waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza na Kifaransa wameingia njia isiyo na mwisho mwema. Fasihi ya Kiafrika, kwa maoni yake, haina budi kuandikwa kwa lugha za Kiafrika, na wale wasiokubali hivyo watafika ukutani.

Lililofuata ndilo lililonifanya nisirudishe yale magazeti siku ya kwanza. Neogy alikuwa mwenye gazeti la Kiingereza. Waandishi wake wote walisifika kwa Kiingereza. Makala ya Wali iliwaambia, yeye na wao, kwamba wanapoteza wakati. Naye akaichapa. Toleo lililofuata likaja na barua za majibu. Ezekiel Mphahlele wa Afrika Kusini alijibu kwamba lugha hizo za kigeni ndizo zilizowapa Waafrika wa makabila mbalimbali sauti moja ya kumkabili mkoloni. Soyinka naye alijibu, na kwa ukali wake wa kawaida. Mwaka 1965 Achebe akaleta makala yake humo humo, akisema kuwa Kiingereza kinaweza kubebeshwa mzigo wa maisha ya Mwafrika, ila hakina budi kiwe Kiingereza kipya kinachofaa mzigo huo.

Ili muone uzito wa ubishi huo, turudi nyuma mwaka mmoja. Mwezi Juni 1962 ulifanyika pale Makerere mkutano mkubwa wa waandishi wa Afrika. Jina la mkutano lenyewe lilisema kuwa ni wa waandishi wanaoandika kwa Kiingereza. Ngugi wa Thiong'o, wakati huo mwanafunzi wa Makerere, alikaribishwa kwa sababu alikuwa amechapisha hadithi fupi mbili za Kiingereza. Hivyo ndivyo alivyokuja kueleza mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1986. Akaongeza kwamba Shaaban Robert, mwenye vitabu kadha wa kadha vya mashairi na nathari, hakuweza kuwamo, kwa kuwa aliandika Kiswahili. Mwezi ule ule wa Juni 1962 Shaaban Robert alifariki dunia.

Ndugu zangu watumishi wa serikali mliomo humu, huyo alikuwa mwenzetu. Alianza kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926, akaendelea na utumishi kwa zaidi ya miaka 30. Mchana alikuwa na majalada ya serikali kama sisi, na Kusadikika akaiandika nje ya saa za kazi. Nilipolijua hilo niliona haya kidogo, maana mimi nikitoka kazini husema nimechoka.

Tena tazameni jambo jingine la mwaka 1963. Wakati Wali anauliza swali lake Kampala, Mwalimu Nyerere, Rais wa nchi, alitoa tafsiri yake ya Kiswahili ya Julius Caesar wa Shakespeare. Hakumjibu Wali kwa barua, na wala sidhani alikuwa akimfikiria. Lakini kitabu chake kilionyesha kuwa hotuba za Brutus na Antony zaweza kusemwa na mtoto wa Musoma, akaeleweka na bibi yake. Ngugi naye alikaa na swali hilo miaka mingi. Mwaka 1978, akiwa kizuizini Kamiti, aliandika riwaya kwa Kikikuyu juu ya karatasi za chooni, ikachapwa mwaka 1980. Alifariki Mei 2025 akiwa bado na msimamo huo. Na mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar anayeandika Kiingereza, alipata Tuzo ya Nobel. Mwaka uliofuata riwaya yake moja ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Kwa hiyo ubishi wa mwaka 1963 haujakwisha, na kila upande umezaa matunda.

Gazeti lenyewe lilipata taabu. Sehemu ya fedha zake ilitoka kwa shirika la utamaduni lenye makao Paris, na katika miaka ya 1966 na 1967 ikafichuka kuwa nyuma ya shirika hilo lilikuwako Shirika la Ujasusi la Marekani. Mwaka 1968 Neogy alikamatwa Kampala pamoja na mbunge Abu Mayanja, aliyekuwa ameandika humo juu ya katiba, wakashtakiwa kwa uchochezi. Alipoachiwa mwaka 1969 aliondoka Uganda, na gazeti likahamia Ghana. Nawaambieni haya ili msidhani kuwa kufungua ukurasa wa barua ni jambo rahisi, au kuwa si kitu anayelipa gharama za uchapaji ni nani.

Sasa nije kwenye deni langu.

Nilikuwa Kidato cha Tano, mhariri, na nilijiona mtu mkubwa. Jioni moja kijana wa Kidato cha Pili aliniletea kurasa nne alizozichana katika daftari. Ilikuwa hadithi ya Kiswahili, juu ya baba aliyekwenda mnadani na ng'ombe wa pekee wa nyumba ile, akarudi usiku bila ng'ombe na bila fedha. Niliisoma nikiwa nimesimama chini ya ule mwembe karibu na bwalo, nikairudia mara ya pili. Nilijua ni nzuri. Nikamwambia, "Gazeti letu ni la Kiingereza. Nenda kaitafsiri."

Baada ya wiki alirudi na ukurasa mmoja. Katika Kiswahili mama alimpokea baba fimbo, akaiegemeza mahali pake pa siku zote, akaenda kupasha chakula moto bila kumtazama usoni. Katika Kiingereza ilisemwa tu kwamba mama alikasirika. Ng'ombe, aliyekuwa na jina, sasa alikuwa ng'ombe tu. Tuliuchapa ukurasa ule. Hapana mtu aliyeuzungumzia, na yule kijana hakuleta kingine.

Hakuna mwalimu aliyenizuia kuichapa ile ya kwanza. Sikumwuliza hata mmoja. Niliukuta utaratibu, nikaufuata, nikajipongeza kwa kuufuata. Miaka mingi baadaye nilikutana na ndugu huyo stendi ya mabasi. Tulisalimiana vizuri, nikamkumbusha hadithi yake. Alicheka akasema, "Ah, kaka, mimi si mtu wa kuandika." Neno lile nimekuwa nalo tangu siku hiyo, maana najua ni nani aliyemfundisha.

Kazini nako nimepata somo hilo hilo. Nimeandika taarifa nyingi za Kiingereza juu ya visima vya watu wasiosoma Kiingereza. Siku moja katika mkutano wa kijiji mzee mmoja aliomba kuiona taarifa yetu. Aliifungua, akaifunga, akanirudishia kwa mikono miwili. "Mwanangu," akasema, "hebu nisomee pale palipoandikwa habari za kijiji chetu." Nikaanza kumsomea kwa Kiswahili, nikitafsiri papo hapo. Nilipofika sentensi ya tatu nilikwama. Kwa Kiingereza ilikuwa imekaa vizuri, yenye heshima zake. Nilipotaka kumwambia mzee yule maana yake, niliona haikuwa na kitu ndani. Ilikuwa imeandikwa ili kisima kilichokauka kisitajwe. Nikaifunga taarifa nikasema, "Mzee, kisima kimekauka na hatujui kwa nini." Akajibu, "Hayo tunaweza kuzungumza."

Ndugu Mwenyekiti, nayajua maneno nitakayoambiwa. Mtihani wa Kidato cha Nne unafanywa kwa Kiingereza. Ni kweli, na kijana asiyekijua ataumia. Mimi mwenyewe nisingeyasoma yale magazeti ya Transition bila Kiingereza nilichofundishwa katika madarasa haya, na walimu walionifundisha wengine wamekaa hapa mbele yangu. Nawashukuru. Sisemi tukiache. Hata huyo Obi Wali alisema yake kwa Kiingereza, wala sikuja kuamua ubishi ambao akina Achebe hawakuumaliza. Ninalolitaka ni dogo zaidi, na liko ndani ya uwezo wetu. Nataka mhariri anayefuata asije akawa kama mimi.

Kwa hiyo naleta mbele ya mkutano mapendekezo matatu. La kwanza, gazeti la wanafunzi lipokee maandishi ya Kiswahili na ya Kiingereza kwa cheo kimoja, na kila moja lichapwe kwa lugha lililoandikiwa. La pili, liwe na ukurasa wa barua, ambamo mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza aweza kumjibu wa Kidato cha Sita, na hata kumjibu mhariri mwenyewe, mradi atumie adabu na hoja. La tatu, sisi wa zamani tulipe gharama za uchapaji, lakini tusichague kinachochapwa. Uchaguzi huo uwe wa vijana pamoja na mwalimu wao. Mimi naanza kwa kulipa karatasi na wino wa toleo la kwanza, na mweka hazina amekwisha kuzipokea fedha hizo asubuhi ya leo, nisije nikabadili nia baada ya kula.

Na ninyi vijana mlioko nyuma. Najua mmoja wenu ana kurasa fulani ndani ya daftari la somo jingine, amezificha chini ya godoro. Zipeleke. Kama ng'ombe wako ana jina, liache jina lake lilivyo. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa, nasi tumekuja leo tukiwa na chochote mfukoni cha kutunza.

Yule ndugu wa stendi nimempelekea barua kuomba zile kurasa nne, kama bado anazo au anazikumbuka. Hajajibu. Akijibu, nitaomba ziwe za kwanza kuchapwa.