Mpiga Besi Akisema "Sijisikii": Kununua Vyombo vya Kikundi kwa Busara

(Mazungumzo na vikundi vya vijana na akina mama, Malinya)

Mmeniita kwa sababu baadhi ya vikundi vimeanza kuweka akiba vinunue vyombo vya muziki, vya kupiga wenyewe na vya kukodisha kwa arusi, matanga na harambee. Mimi si fundi wa redio, ni mfanyakazi wa huduma za jamii tu. Lakini karo ya somo hili nilishailipa, na sipendi nyinyi mlipe mara ya pili.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mlezi wa kikundi kimoja cha vijana. Tulichanga muda mrefu. Mama mmoja mjane alikuwa akileta pesa za mayai kila Jumamosi. Siku ya kununua tulienda watu watatu: mwenyekiti, mweka hazina na mimi. Mpiga besi hatukumchukua. Tuliona ni kijana mdogo, atatupotezea nauli. Tukanunua spika mbili kubwa zilizobandikwa karatasi "Wati 1000", na amplifaya iliyong'aa kama sufuria mpya.

Kwenye arusi ya kwanza kijana yule akanijia, akasema, "Mama, sijisikii." Nikadhani ni mgonjwa! Nikampa dawa ya kichwa na chai. Kumbe alikuwa akisema hasikii gitaa lake mwenyewe. Akaongeza sauti. Mpiga solo naye akaongeza. Mwimbaji akaanza kupiga kelele. Kwenye shughuli ya pili, ambayo ilikuwa matanga ya mwenzetu, spika moja ilitoa moshi na harufu ya kuungua mbele ya waombolezaji. Yule mjane hakuniuliza kitu. Aliniangalia tu, na mpaka leo naona macho yale. Na kijana wa besi ana mluzi katika sikio la kushoto. Anasema hata usiku haulali.

Hebu basi tuangalie tulikosea wapi.

KWA NINI BESI INACHOSHA VYOMBO

Sisi Waidakho na Waisukha besi tunaijua tangu zamani. Ngoma za isukuti ni tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Mwaka 2014 UNESCO iliandika ngoma hii katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mkiwa ng'ambo ya bonde mnasikia nini kwanza? Si maneno ya wimbo. Ni ile ngoma kubwa. Sauti nzito husafiri mbali na huzunguka kuta.

Hata gitaa letu la zamani lilijua hivyo. Marehemu George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963, na wenzake wa mtindo wa omutibo walipiga besi kwa kidole gumba katika gitaa lile lile moja. Gitaa la besi lilipokuja na umeme, kazi ya gumba ikapata mtu wake.

Sasa, waya mnene wa gitaa la besi hutikisika kama mara 41 kwa sekunde. Wimbi moja la sauti hiyo lina urefu wa zaidi ya mita 8! Ili kulitoa, spika lazima isukume hewa nyingi. Kwa hiyo besi inakula nguvu kuliko sauti ya mwimbaji. Ukichomeka besi katika amplifaya ndogo ya gitaa la solo na kuifungulia sana, unararua karatasi ya spika. Amplifaya ya besi ndiyo yake. Ile ya kinanda pia yaweza kuibeba vizuri.

KAZI TATU, MSIZICHANGANYE

Kwanza, kuna amplifaya ya mpigaji mwenyewe. Pili, kuna spika kubwa zinazowatazama watu. Tatu, kuna spika ya kujisikilizia, ambayo mafundi huiita monita, inayomtazama mpigaji. Sisi tulinunua ya pili tu, tukasahau kwamba mtu asiyejisikia hawezi kushika mwendo.

Lakini kabla ya kununua chochote, jaribuni dawa ya bure. Amplifaya ikiwa chini nyuma ya miguu, magoti ndiyo yanayosikia! Ipandisheni juu ya kreti imara, au iegemezeni ili uso wake uelekee masikioni. Mpiga besi asimame karibu na mpiga ngoma. Halafu wengine wapunguze, badala ya yeye kuongeza. Mara nyingi ugonjwa unaisha hapo.

Kwa watu wengi uwanjani, besi ipelekwe pia kwenye mikisa kupitia kisanduku kidogo ambacho mafundi hukiita "di-ai". Hivyo amplifaya yake inabaki ya kumsikilizisha yeye na wenzake, na spika kubwa zinabeba watu. Kikundi hakihitaji tena kununua amplifaya kubwa kama kabati.

Vipi vile vya kuvaa masikioni? Ni vizuri, maana vinapunguza kelele jukwaani. Kwa kuanza, vile vya waya na kisanduku cha kiunoni vinatosha. Vipokea sauti vya simu visivyo na waya msitumie, kwa sababu sauti inachelewa na mpigaji anapotea. Tena avae masikio yote mawili. Akivaa moja tu, ataongeza sauti mno katika lile sikio moja.

MSOME NINI DUKANI

1. Wati. Karatasi ya nje huandika nguvu ya dharura, ile ya kufumba na kufumbua. Ulizeni nguvu ya kudumu. Tena, wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, ambazo sikio linaona ni kidogo. Spika inayotoa desibeli 97 kwa wati moja itawapa kwa wati 100 sauti ile ile ambayo yenye desibeli 94 itatoa kwa wati 200. Kwa hiyo angalieni namba zote mbili.

2. Omu. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 4. Kama amplifaya imeandikwa mwisho ni omu 8, itachemka na kuharibika. Muuzaji asiyeweza kulieleza hili, mwageni kwa upole.

3. Mahali. Ndani ya ukumbi, ukuta na pembe huisaidia besi, inanguruma. Uwanjani hakuna ukuta, besi inakonda. Ombeni kujaribu nje, na gitaa lenu, na kijana wenu akipiga. Muuzaji akikataa, basi rudini nyumbani na pesa zenu.

4. Uzito. Nani atabeba? Kisanduku kisichoingia katika matatu kitawalipisha pikapu kila shughuli. Na kikiharibika, je, kuna fundi Kakamega anayekijua?

UMEME NA MASIKIO

Umeme wetu ni volti 240. Msikate ule mguu wa tatu wa plagi ati mngurumo uishe. Mguu ule ni wa kuokoa maisha. Mpigaji akishika gitaa lenye hitilafu na mdomo ukaguse maikrofoni, anaweza kufa. Mkisikia mngurumo, tumieni soketi za chanzo kimoja kwa vyombo vyote, na mwite fundi. Jenereta nayo iwe na nguvu kuzidi jumla ya vyombo.

Juu ya masikio, wataalamu wa NIOSH wa Marekani wanasema desibeli 85 zivumiliwe saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unapungua nusu: 88 saa 4, 91 saa 2, 94 saa 1, 97 nusu saa, 100 dakika 15. Matanga yetu yanakesha usiku mzima! Kama hamna kipimo, tumieni hiki: ukilazimika kupaza sauti kwa mtu aliye hatua moja tu kutoka kwako, hapo pana hatari. Vizibo vya masikio ni rahisi kuliko spika. Anayesikia mluzi baada ya shughuli apumzike, na usipoisha aende hospitali. Sikio la ndani likishaharibika na kelele halirudi.

Tena tukumbuke jirani. Kanuni za kelele zipo, lakini hata bila kanuni, besi inaingia chumbani kwa mgonjwa na mtoto mchanga. Geuzeni spika ziwatazame wageni, si boma la jirani.

MWISHO

Kikundi kile hakikufa. Tuliketi, nikakubali mbele ya wote kwamba kosa lilikuwa langu pia, maana ndimi niliyesema tusimchukue kijana. Tulianza tena na amplifaya moja ya besi, ya mkono wa pili, yenye spika ya inchi 15. Safari hii yeye ndiye aliyechagua, na yule mama mjane akahesabu pesa. Kila tukikodisha, sehemu ya malipo inawekwa kando kwa matengenezo, na daftari linasomwa mbele ya wote.

Kwa hiyo mkienda dukani, nendeni na atakayekitumia chombo, hata kama ndiye mdogo wenu kuliko wote. Na akisema hajisikii, mwulizeni kwanza ana maana gani. Msikimbilie chai.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Katika kikundi chetu, ni nani anayetumia chombo lakini haulizwi wakati wa kununua?
2. Tutapiga zaidi ndani au uwanjani? Kwa watu wangapi?
3. Chombo kikiharibika kesho, pesa za fundi zitatoka wapi?
4. Nani kati yetu tayari anasikia mluzi masikioni, na tumemsaidia vipi?