Takwimu kwa Amri: Mahali pa Kuanzia

(Maandishi ya hotuba kwa maafisa wa takwimu na mipango wa kaunti)



Mkaguzi wa hesabu akiuliza takwimu fulani ya ripoti ilitoka wapi, afisa aliyetumia Excel mara nyingi hubaki kukumbuka tu: alibofya hapa, akafuta safu pale, akapanga upya. Afisa aliyeandika amri hufungua faili yake, na kila hatua ipo. Faida hiyo ni kubwa kuliko grafu za kupendeza.

R ni mojawapo ya programu za namna hiyo. Ilibuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na haina ada ya leseni. Stata, ambayo watafiti wengi wa afya huitumia, hulipiwa.

Tuseme afisa ana orodha ya wagonjwa wa zahanati. Amri ya kwanza huisoma, ya pili humwonyesha kilichomo:

wagonjwa <- read.csv("wagonjwa.csv")
summary(wagonjwa)

Hapa asiharakishe. Karani asiyejua umri wa mgonjwa huenda aliandika 999. Wagonjwa watano wenye umri wa 20, 30, 40, 50 na 999 hupata wastani wa miaka 227.8, na kosa laonekana hata kwa aliyesinzia. Lakini katika orodha ya watu maelfu, 999 chache husogeza wastani kwa miaka michache tu. Hakuna anayeshtuka, na dawa za watoto huenda zikaagizwa pungufu. Tiba yake ni mistari miwili:

wagonjwa$umri[wagonjwa$umri == 999] <- NA
mean(wagonjwa$umri, na.rm = TRUE)

Wastani wa wale wanne waliobaki ni 35, na faili iliyotoka zahanati haijaguswa.

Herufi huwasumbua wanaoanza, kwani kwa R "Umri" na "umri" ni vitu viwili. Amri zote ziwekwe katika faili moja, na maelezo yaandikwe baada ya alama ya #. Data za mwezi ujao zikifika, hubadilishwa jina la faili tu na kazi kuendeshwa upya.

Majina na nambari za vitambulisho yaondolewe kabla orodha haijatoka zahanati. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.