Kikohozi cha Muda Mrefu na Hatari ya Kujitibu kwa Dawa za Dukani
(Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)





Wahenga walisema kuwa mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Walikifanya kikohozi kuwa mfano wa jambo ambalo mwenyewe, hata akijizuia vipi, litadhihirika tu mbele ya watu. Siku hizi kikohozi nacho kimepatiwa maficho, na maficho yenyewe ni vidonge vinavyonunuliwa dukani bila ya cheti cha daktari. Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza hatari ya maficho hayo kwa mgonjwa mwenyewe, kwa watu wa nyumbani kwake na kwa jamii nzima.

Desturi hiyo si ngeni. Mtu hukohoa wiki nzima. Hana nafasi ya kupanga foleni hospitali, au hapendi kuomba ruhusa kazini, au anachelea maneno ya watu. Humtuma mtoto duka la dawa akamletee vidonge vya rangi mbili. Huvimeza siku tatu. Akipata nafuu, vilivyobaki huvitia kabatini vikamsubiri mgonjwa mwengine. Kikohozi kikirudi, hutafuta dawa yenye nguvu zaidi kwa ushauri wa jirani au wa muuzaji. Miezi miwili hupita, na makohozi yake hayajafika maabara hata mara moja.

Jambo la kwanza linalopasa kufahamika ni kazi ya dawa hizo. Viuavijasumu, kama vile amoksilini, tetrasaiklini na siprofloksasini, huua bakteria au huwazuia wasizaliane. Mbele ya virusi havina uwezo wowote. Mafua na vikohozi vingi vya ghafla huletwa na virusi, na vingi katika hivyo hupungua vyenyewe ndani ya wiki mbili, ingawa vyengine huchelewa kidogo. Hapo ndipo wengi wanapoghurika. Mtu humeza kidonge siku ya sita, wakati mwili wake umeshaanza kuyashinda maradhi. Nafuu inapokuja, sifa hupewa kidonge. Safari ya pili hukitegemea kidonge hicho hicho kwa kazi ambayo hata safari ya kwanza hakikuifanya.

Jambo la pili ni kuwa kikohozi kinachozidi wiki mbili kina sababu nyingi, na sababu hizo hazina dawa moja. Kuna pumu. Kuna tumbaku, na kuna moshi wa kuni unaovutwa jikoni miaka nenda miaka rudi. Kuna asidi ya tumboni inayopanda kooni mtu anapolala. Kuna maradhi ya moyo na saratani ya mapafu. Hata baadhi ya dawa za shinikizo la damu, kama vile enalaprili na kaptoprili, huwaletea baadhi ya watumiaji kikohozi kikavu kisichokwisha. Mtu wa namna hiyo asiiache dawa yake kwa hiari yake. Amueleze daktari, naye atambadilishia. Katika yote yaliyotajwa, hakuna hata moja linaloponywa kwa amoksilini. Anayejitibu kwa kubahatisha hupoteza fedha, na zaidi ya fedha hupoteza wakati, ilhali maradhi yanaendelea kukua.

Jambo la tatu, nalo ndilo kubwa kuliko yote, ni kifua kikuu. Kijidudu chake kilitangazwa mjini Berlin tarehe 24 Machi, 1882 na Dakta Robert Koch, na hadi leo hakijashindwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua kifua kikuu ulimwenguni, na milioni 1.25 walifariki kwa maradhi hayo. Amoksilini inayouzwa kwa ajili ya kikohozi haikitibu. Lakini dawa za jamii ya siprofloksasini na levofloksasini hukipiga kijidudu hicho bila ya kukimaliza. Homa hushuka, mgonjwa hupata nguvu, na vijidudu katika makohozi hupungua hata kipimo kinaweza kushindwa kuviona. Maradhi huwa yamejificha, hayakuondoka. Baada ya muda hurudi yakiwa makali zaidi, na pengine vijidudu vimeshajifunza kuistahamilia dawa ile.

Wakati huo wote mgonjwa anaishi na watu. Kifua kikuu cha mapafu huambukizwa kwa njia ya hewa, mgonjwa anapokohoa, kupiga chafya au kusema. Chumba kimoja cha kulala chenye madirisha yaliyofungwa, ofisi yenye watu sita, daladala iliyojaa na darasa la chuoni ni mahali pepesi pa maradhi kupita. Wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo, wazee, wenye virusi vya UKIMWI na wenye kisukari. Kwa hivyo, mtu anayesema kuwa kifua ni chake na fedha ni zake, anasahau kuwa hewa si yake peke yake.

Onyo juu ya jambo hili si la leo. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alilitoa mwezi wa Disemba 1945 katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel. Alitoa mfano wa bwana mmoja mwenye maumivu ya koo, akajinunulia penisilini. Dawa aliyoitumia haikutosha kuviua vijidudu, bali ilivifundisha kuistahamilia. Kisha akamwambukiza mkewe, naye akapata nimonia. Mke alipotibiwa kwa penisilini dawa haikufaa, na akafariki. Fleming aliuliza ni nani aliyesababisha kifo hicho, na jibu lake likawa ni yule mume, kwa uzembe wake wa kuitumia dawa.

Kifua kikuu kilithibitisha onyo hilo muda mfupi baadaye. Matokeo ya jaribio la dawa ya streptomaisini nchini Uingereza yalichapishwa mwaka 1948. Wagonjwa waliopewa dawa hiyo walipata nafuu kubwa katika miezi ya mwanzo, lakini wengi katika wao hali zao zilirudi nyuma, kwa sababu vijidudu vilikuwa vimeshakuwa sugu. Kutokana na hayo madaktari walijua kuwa kifua kikuu hakipigwi kwa dawa moja. Ndiyo maana leo tiba yake ya kawaida ni ya miezi sita: miezi miwili ya dawa nne, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, na miezi minne ya rifampisini na isoniazidi. Utaratibu wa kumsimamia mgonjwa mpaka amalize dozi una historia yake hapa hapa Tanzania, ambako tokea mwishoni mwa miaka ya 1970 Dakta Karel Styblo alishirikiana na wataalamu wa nchi kuujenga. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliueneza duniani kote.

Vijidudu vikishinda rifampisini na isoniazidi kwa pamoja, maradhi huitwa kifua kikuu sugu. Kwa miaka mingi tiba yake ilichukua hata miezi 18 au zaidi, pamoja na sindano ambazo baadhi ya wagonjwa ziliwaachia uziwi. Tiba mpya ya vidonge iliyopendekezwa mwaka 2022 imefupisha muda huo hadi miezi sita kwa wagonjwa wengi. Hata hivyo, dawa mojawapo ya tiba hiyo ni ya jamii ile ile ya siprofloksasini. Anayeitumia ovyo dawa ya jamii hiyo kwa kikohozi cha leo, huenda akawa anauvunja ufunguo utakaohitajika kesho.

Ndugu watumishi na ndugu wananchi, yanayotakiwa si mazito. Kila mwenye kikohozi kilichofikia wiki mbili aende kituo cha afya akapimwe kabla ya kumeza kiuavijasumu chochote. Na kama ameshameza, amueleze daktari jina la dawa na siku alizotumia, bila ya kuona haya. Asisubiri wiki mbili anayetoa damu katika makohozi, anayekosa pumzi, anayepata homa na jasho la usiku, au anayekonda bila ya sababu. Wenye virusi vya UKIMWI nao waende mapema. Kipimo cha makohozi na dawa za kifua kikuu hutolewa bila ya malipo katika vituo vya Serikali, na mashine ya kisasa ya kupima vinasaba vya kijidudu hutoa jibu kwa muda wa kama saa mbili.

Wakuu wa ofisi wanaombwa kumpa ruhusa mtumishi anayekohoa ili akapimwe, wala wasimfanye akaona kuwa anakimbia kazi. Mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia dawa zinazomfaa huacha kuambukiza, aghalabu ndani ya wiki chache tu, na hapana sababu ya kumtenga. Wenye maduka ya dawa wanakumbushwa kuwa viuavijasumu ni dawa za cheti. Wazee wa nyumba nao wasiweke akiba ya vidonge vilivyobaki, wala wasigawane dawa kama wanavyogawana futari.

Haya yote hayana maana kuwa viuavijasumu ni vibaya. Ni neema kubwa, na mgonjwa wa nimonia aliyeandikiwa na daktari huokoka kwavyo, maadamu amevitumia kama alivyoelekezwa. Neema hiyo hudumu kwa kuchungwa. Kwa upande wa kikohozi, wahenga waliacha na usia mwengine: mficha maradhi, kifo humuumbua. Alhasili, kisifichwe, kipelekwe kupimwa.