Msaidizi wa Sheria Kazini, na Mambo Anayopaswa Kujifunza

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Sisi wa genge la njia tumepewa nafasi hii tuseme juu ya msaidizi wa sheria. Maneno haya tuliyaandika pamoja, jioni baada ya kazi, na kosa tutakalolisimulia lilikuwa letu sote. Hatukusoma sana. Wengi wetu tulitoka shule ya msingi ya misheni tukijua kusoma, kuandika na hesabu, basi. Lakini tumeona ya kuwa kazi hii huanza na mambo hayo hayo matatu.

Kwanza tueleze maana yake. Msaidizi wa sheria si wakili. Ni mtu aliyejifunza sheria kiasi cha kumsaidia mwenzake kuijua haki yake, kuyaandika maneno yake, kuzitunza karatasi zake, na kumpeleka mahali panapofaa kabla siku hazijapita. Hapa Kenya mtu huyo anatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016. Sheria hiyo inataka apate kibali cha Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, na afanye kazi chini ya uangalizi wa wakili au wa shirika lililoidhinishwa.

Sasa sikilizeni habari ya ndugu yetu mmoja. Alikuwa kibarua wa kontrakta, akifanya kazi pamoja nasi ya kubadilisha mataruma. Asubuhi moja taruma la saruji liliteleza likamponda vidole viwili vya mkono wa kulia. Nyapara alimfunga kitambaa akamwambia, "Nenda nyumbani ukapone, mambo yako yataangaliwa." Yule ndugu akatuuliza afanyeje. Tukamwambia avumilie, asije akaonekana mtu wa maneno mengi akakosa kazi. Shauri hilo ndilo kosa letu.

Alikwenda kwao akakaa, akingoja kuitwa. Aliporudi ilikuwa imepita miezi 14, na vile vidole havikunji tena. Tukaenda naye kuuliza juu ya fidia. Swali la kwanza likawa, "Ni tarehe gani?" Mmoja wetu akasema ilikuwa Jumanne, mwingine akasema ilikuwa siku ya mshahara. Swali la pili, "Karatasi ya hospitali iko wapi?" Ilikuwa imelowa mvua ikatupwa. Swali la tatu, "Nani alimjulisha mwajiri?" Nyapara alikuwa amehamia kazi nyingine, na tulipompata alisema hakumbuki neno.

Sheria ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inasema madai yapelekwe kabla ya miezi 12 kwisha tangu siku ya ajali. Haki hupotea kama mwajiri hakuarifiwa katika muda huo, isipokuwa ikithibitishwa kwamba alipata habari kwa njia nyingine. Sisi tulikuwa watu saba tulioiona ajali kwa macho yetu, na hatukuweza kuthibitisha. Ndugu yetu alirudi kwao bila senti. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hapo tulikata shauri ya kujifunza, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Jambo la kwanza ni kusikiliza. Mtu aliyeumia au aliyefukuzwa huja na hasira, naye huanza hadithi katikati. Msaidizi mbaya humkatiza na kumwambia sheria. Msaidizi mzuri humwacha aseme yote, kisha humrudisha mwanzo kwa maswali mafupi: Lini? Saa ngapi? Wapi? Nani alikuwapo? Nani alisema nini? Tena asimtilie maneno kinywani. Akimwuliza, "Nyapara alikutukana, sivyo?" amekwisha kuharibu. Na aulize, "Nyapara alisema nini?"

Jambo la pili ni kuandika. Maneno ya mtu yaandikwe siku ile ile, kwa lugha anayoifahamu, kama alivyoyasema mwenyewe. Aliyoyaona yatengwe na aliyoyasikia kwa watu. Yakiisha kuandikwa asomewe, asahihishe, kisha atie sahihi au dole gumba, na tarehe iandikwe. Sisi hufanya zoezi la watu watatu: wa kwanza anasimulia, wa pili anaandika, wa tatu anasoma kwa sauti. Mara ya kwanza tulicheka, maana aliyesimulia hakuitambua habari yake mwenyewe. Baada ya wiki chache hatukucheka tena.

Jambo la tatu ni kuhesabu siku. Hapa ndipo watu wengi huangukia. Ajali ikitokea, mwajiri aarifiwe mara moja, na afadhali kwa barua ambayo nakala yake inabaki kwetu. Yeye naye anapaswa kumpasha Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika siku 7 tangu apate habari. Mtu akifukuzwa bila haki, anaweza kumpelekea Afisa wa Kazi malalamiko katika miezi 3. Kesi ya ajira kwa kawaida haiwezi kufunguliwa kortini baada ya miaka 3 kupita. Kwa hiyo msaidizi akipokea habari yoyote, ukurasa wa kwanza aandike siku ya tukio, na chini yake siku ya mwisho. Mwajiri akisema, "Ngoja tuzungumze," na tuzungumze, lakini kalenda haingoji.

Jambo la nne ni karatasi. Barua ya kuajiriwa, barua za onyo, hati za mshahara, karatasi za hospitali, vyote vipigwe picha au vitolewe nakala. Karatasi yenyewe ikae kwa mwenyewe. Msaidizi achukue nakala tu. Na mtu asiye na mkataba wa maandishi asikate tamaa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka kazi ya miezi 3 au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na ni juu ya mwajiri kuuandika. Akishindwa kuutoa kortini, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yale humwangukia yeye.

Jambo la tano ni kuketi na mwenzake anapoitwa ofisini. Shikeni namba 41, maana imetokea mara mbili. Kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa sawasawa kazini. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinasema kwamba kabla ya kumwachisha mtu kwa ajili ya utovu wa nidhamu, kazi mbovu au udhaifu wa mwili, mwajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mtu huyo anayo haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama wa mahali pa kazi amchaguaye mwenyewe. Lazima wasikilizwe wote wawili. Ukichaguliwa wewe, usiende kupiga kelele. Omba mashtaka yasomwe, uliza ushahidi ni upi, andika kila jibu, na umkumbushe mwenzako lile alilosahau kwa woga.

Jambo la sita ni kufunga kinywa. Habari ya mtu si habari ya kantini. Ukisikia ya kwamba mwenzako ana ugonjwa au ana deni, likiishia kwako ndipo kesho mwingine atakuja. Siri ikitoka mara moja, genge zima litaficha mambo yake, na hutasaidia mtu tena.

Jambo la saba, ndugu, ni kujua mpaka wako. Sheria ya Mawakili inamkataza asiye wakili kujifanya wakili. Usimwahidi mtu kwamba atashinda. Usipokee kitu chake, hata soda. Neno usilolijua sema, "Sijui, twende tukaulize." Mambo mengine ni ya Afisa wa Kazi, mengine ni ya wakili, na mengine ni ya wakubwa wa chama chetu. Hata katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, iliyoirithi ile Korti ya Viwanda ya mwaka 1964, sheria inamruhusu ofisa wa chama kumsemea mwanachama. Lakini ofisa huyo atasema nini ikiwa sisi wa chini tumempelekea faili tupu?

Mtatuuliza, mafunzo haya yanapatikana wapi? Kwa mwenye vyeti vinavyotakiwa, Kenya School of Law imekuwa ikifundisha diploma ya wasaidizi wa sheria. Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1973, kimewafundisha wasaidizi wengi wa vijijini na mitaani. COTU nayo ina Chuo cha Kazi cha Tom Mboya huko Kisumu. Lakini asiyeweza kwenda huko asikae bure. Korti ni wazi kwa watu wote. Siku ya mapumziko kaa nyuma, sikiliza jinsi shahidi anavyoulizwa, ujue tofauti ya mdai na mdaiwa, ya kiapo na maneno matupu. Siku moja hapo ilitufundisha mengi.

Ndugu Mwenyekiti, tunaomba mambo mawili. Kila genge na kila karakana ichague watu wawili wa kujifunza, na mmoja wao awe mama au dada pale walipo, kwa maana yako mambo ambayo mwanamke hatamwambia mwanamume. Na tawi linunue daftari moja kubwa kwa kila genge, liandikwe kila ajali, kubwa na ndogo, siku ile ile, pamoja na majina ya walioona. Daftari letu tumekwisha kulinunua kwa mchango wetu. Ukurasa wake wa kwanza tuliuandika habari ya yule ndugu wa vidole viwili, ijapokuwa haimfai kitu sasa. Tarehe tumeiacha wazi, kwa sababu mpaka leo hatuijui.